Boti bapa au boti ya mkuku? Tuanze na maji yenyewe

Tangu serikali ya Tanzania ianze kuwakopesha wavuvi boti za faiba, ubishi wa barazani umepata mada mpya. Kikundi kinakaa chini ya mkungu, fomu inapita mkono kwa mkono, na swali ni lile lile: tuombe boti ndogo ya chini bapa, au tujikaze tuchukue kubwa yenye mkuku na tumbo refu? Vijana wanaitaka kubwa. Wazee wanaitaka ndogo, maana wanawajua watakaoisukuma siku bahari imekupwa. Anainuka mmoja anasema, "Kubwa haizami." Mwingine anamjibu, "Bapa haipinduki, ina kitako." Hapo mkutano unakwama, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti.

Nimekulia kwenye vijito vya delta ya Rufiji. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua, na hoja hizo mbili nilizisikia kabla sijajua kuogelea. Zote mbili zina ukweli kidogo, na zote mbili zimezika watu. Naomba tuzifumue taratibu, kwa sababu mkopo wa boti hulipwa miaka, na bahari haina habari na fomu mliyojaza.

Kwanza tuelewane maneno. Majina yetu ya vyombo hayatusaidii sana hapa: dau la Lamu silo dau la Unguja, na ukifika Ziwa Victoria majina yote yanageuka. Kwa hiyo nitatumia mawili tu. Boti bapa ni ile ambayo ukiigeuza kifudifudi unaona sakafu tambarare, kama sinia lililofunikwa. Boti ya mkuku ni ile ambayo chini ina mti mrefu, yaani mkuku, na mataruma yanapanda kutoka hapo kama mbavu zinavyotoka kwenye uti wa mgongo, hivyo tumbo lake limechongoka kwenda chini. Halafu kuna vipimo viwili ambavyo kila anayenunua boti lazima avijue. Kuzama kwa boti ni urefu wa ile sehemu iliyo chini ya maji, kuanzia uso wa maji hadi ncha ya chini kabisa. Ubavu mkavu ni kile kilichobaki juu, kuanzia uso wa maji hadi mdomo wa boti. Kuzama kunakwambia unaweza kwenda wapi. Ubavu mkavu unakwambia wimbi la ukubwa gani litaingia ndani.

Boti huelea kwa kusukuma maji pembeni. Ikiwa na watu na mzigo ina uzito wa kilo 600, basi lazima isukume maji ya kilo 600, yaani lita 600 hivi, ndipo itulie. Chukua boti bapa yenye sakafu ya urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2. Sentimita moja ya kuzama kwake inasukuma lita 60. Maana yake ni kwamba kila mtu mzima anayepanda anaishusha kama sentimita moja tu. Wakipanda watu sita, macho hayaoni tofauti. Ndiyo sababu boti bapa inabeba mzigo mwingi kwenye maji machache, na ndiyo sababu pia inadanganya: inapokea, inapokea, na hakuna anayeshtuka mpaka ubavu mkavu umebaki kiganja.

Boti ya mkuku ni kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Ncha yake nyembamba inasukuma maji kidogo, kwa hiyo inabidi ishuke sana kabla haijapata maji ya kutosha kuibeba. Hata ikiwa tupu imeshazama nusu mita au zaidi. Lakini kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopanuka, na kila sentimita mpya inabeba zaidi ya iliyotangulia.

Bahari ikienda zake

Sasa twende kwenye jambo ambalo wauza boti wengi hawalizungumzi, nami naliona kubwa kuliko yote: maji kupwa na kujaa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, tofauti hiyo huwa kama mita moja. Na ufuo wetu mwingi si wa mteremko mkali. Mita 3 za kushuka zinatosha kuifukuza bahari mamia ya mita, ukabaki na matope, majani ya bahari na akina mama wanaookota chaza.

Mabaharia wana hesabu ya zamani ya saa sita za maji kujaa. Gawa tofauti yote katika sehemu 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme ni bamvua na tofauti ni mita 3.6. Basi saa ya kwanza yanapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya mwisho 30. Si hesabu kamili ya kila mahali, ila iko karibu na ukweli vya kutosha kumwambia mtu asitoke nyumbani bado.

Sasa tuseme maji yakikupwa mlango wa kijito chenu unabaki mkavu. Boti bapa inayozama sentimita 25, mashine ikiwa imeinuliwa na watu wanasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kukitia chini, inapita saa moja baada ya maji kuanza kurudi. Boti ya mkuku inayozama mita 1.2, ukiiongezea sentimita 30 za tahadhari, inahitaji mita moja na nusu ya maji. Jumlisha: 30, na 60, ni 90. Bado. Inabidi ingoje mpaka saa ya tatu iwe imekwenda zaidi ya nusu. Na kabla ya maji kukupwa nako ilikuwa imekwama kwa muda kama huo. Kwa hiyo katika kila saa 12 boti kubwa imefungiwa kama saa tano na ushee, wakati ndogo imefungiwa mbili. Na kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, ile saa ya kufungiwa inatembea: leo iko usiku wa manane ambapo haimsumbui mtu, wiki ijayo iko alfajiri mnaporudi na samaki, barafu inayeyuka, na mnunuzi anaonekana kule pwani amekaa juu ya pikipiki yake akitazama saa.

Wa Lamu wanaijua habari hii kwenye mlango wa Mkanda, ambako boti za kwenda Pate na Faza kwa muda mrefu zimelazimika kusubiri maji. Wanaovuka kati ya Nyamisati na Kilindoni, kisiwani Mafia, wanaijua. Boti kubwa haikosi nguvu hapo. Inakosa maji, na hakuna mashine inayotengeneza maji.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: boti bapa ikifungwa mashine ya nje, kinachozama zaidi si sakafu bali panga la mashine, ambalo linaweza kushuka nusu mita. Muuzaji akikwambia "hii inapita kwenye umande", muulize mashine ikiwa chini au juu.

Na kuna kulala. Boti bapa ikipwelewa, yaani maji yakiikimbia ikabaki nchi kavu, inakaa kitako, asubuhi unaikuta ilivyo. Boti ya mkuku ikipwelewa inalala ubavu, na maji yakirudi yanaweza kuingia kabla haijainuka. Wazee wetu waliiegemeza kwa magadi, yale magogo ya kuishikilia kila upande, na kazi hiyo inataka watu na inataka kuwahi. Kuipandisha pwani kuikwangua, kuikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, au kuichoma kwa makuti ni shughuli ya kijiji, wakati boti bapa ndogo wanaiweza wanne.

Kutulia na kurudi

Mpaka hapo mtu atadhani naitetea ndogo. Sasa tutoke nje ya mlango.

Watu wakienda kununua boti huijaribu pwani, maji yametulia kama mafuta. Wanapanda bapa: haitikisiki, unasimama, unavuta wavu, unakaa ukingoni kula kiporo. Wanapanda ya mkuku: mguu wa kwanza tu inainama, mtu anashika mlingoti. Wanahitimisha kwamba bapa ni salama. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu wamepima kitu kimoja wakadhani wamepima viwili. Boti kutulia ni jambo moja. Boti kurudi baada ya kuinama ni jambo lingine.

Boti bapa inasimama kwa upana wake. Ukikanyaga upande wa kulia, upande huo wote unajaribu kuzama, unasukuma maji mengi mara moja, nayo maji yanaurudisha juu kwa nguvu. Ndiyo maana unajisikia uko sebuleni. Lakini nguvu hiyo ina ukomo. Mdomo wa boti ukigusa maji, au upande wa pili wa sakafu ukitoka majini, kinachokushikilia kinapungua ghafla. Haiinami polepole ikakuonya. Inakaa, inakaa, halafu inakutupa.

Boti ya mkuku iliyopakiwa vizuri ni kama chupa ya soda uliyoitia mchanga chini ukaiacha ielee. Ukiigusa inayumba, ila ukiilaza na kuiachia inasimama yenyewe, kwa sababu uzito wake uko chini. Ndiyo kazi ya farumi, yale mawe au mchanga ambao manahodha wa majahazi huyapanga chini kabisa chombo kikiwa hakina shehena. Na kadiri ubavu wake uliotanuka unavyoingia majini, ndivyo unavyosukumwa kurudi. Inaogopesha mwanzoni na kuaminika mwishoni.

Halafu kuna wimbi lenyewe. Kwa boti bapa, kukaa sawa maana yake ni kulala sambamba na uso wa maji. Ufukweni uso wa maji umelala, nayo imelala. Kusi likivuma Julai na mkondo ukigombana na upepo, uso wa maji unasimama kama paa la nyumba, na boti bapa inafanya kile kile inachokijua: inalala sambamba na paa. Ule utulivu ulioupenda pwani ndio unaoiinamisha. Boti ya mkuku inalipokea wimbi lile kwa ukaidi zaidi, inayumba lakini haifuati kila mteremko. Na pua yake inakata maji kama shoka, wakati bapa inayapiga kama kofi. Waliorudi na boti bapa kutoka maji makubwa wanayajua maumivu ya kiuno, na mafundi wao wanaijua misumari inayolegea.

Bado maji ya ndani. Jaza maji kidogo kwenye sinia, ulibebe ukitembea. Kisha weka maji yale yale kwenye ndoo nyembamba. Kwenye sinia yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta mkono. Ndivyo yanavyofanya ndani ya boti bapa: wimbi moja likiingia, maji yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito wakati mbaya kabisa. Kwenye boti ya mkuku maji hukusanyika chini katikati, kwenye banduru, unayakumba au pampu inayatoa. Kwa hiyo kopo la kukumbia maji kwenye boti bapa si la hiari. Mjomba alikuwa akilifunga kwa kamba, kwa sababu kopo huwa la kwanza kuelea na kwenda zake.

Joshi

Methali inasema dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Tumeizoea kwa maana ya unyonge, ila kwa baharia ni maelezo ya namna vyombo vinavyofanya kazi. Kwenda joshi ni kuikaribia njia ya upepo, kwenda kule unakotoka. Tia kiganja ndani ya ndoo ya maji kikiwa kimesimama. Kisukume kwa upande wa kidole cha mwisho: kinapita. Kisukume kwa upande wa kiganja: maji yanakataa. Mkuku ni kiganja hicho. Unairuhusu boti kwenda mbele na kuinyima kwenda kando. Boti bapa haina cha kukatalia. Upepo ukiipiga ubavuni inateleza kwenda kando, tanga limejaa na pua inaelekea nyumbani, lakini kila ukitazama mwalo wako, pale unaposhushia samaki, unazidi kuwa mbali.

Mtu atasema, siku hizi tuna mashine, joshi la nini? Joshi ni la siku mashine imezimika. Wavuvi wanaopotea na kuokotwa mbali mara nyingi hawakupinduka, walichukuliwa. Boti bapa nyepesi, ubavu wote uko juu ya maji na chini hakuna kitu, ni sawa na jani. Ikiwa ndiyo mliyonayo na mnatoka nje ya mwamba, nanga yenye kamba ndefu na makasia si mapambo.

Haya tunayoyaambiana

"Kubwa ndiyo salama." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, gati likionekana. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi 200. Sitaki kuutumia msiba ule kama mfano wa darasani tu, kuna nyumba kule ambazo bado hazijapona. Lakini lazima tuseme: ukubwa wa chombo unakuwa usalama pale tu kinapobeba kilichopimwa. Ukubwa unapoalika watu zaidi, umekula usalama wake wenyewe. Na watu wakisimama, uzito unapanda juu. Wakikimbilia upande mmoja kushuka, hesabu zote za fundi zimefutika. Hilo ni kweli kwa kivuko na ni kweli kwa boti ya mita 5.

"Ikishiba ndiyo inatulia." Kweli nusu. Uzito uliopangwa chini unaituliza. Uzito huo huo unapunguza ubavu mkavu. Magunia yaliyopangwa mpaka juu ya mdomo hayatulizi chochote.

"Faiba haizami." Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Boti ya mbao ikijaa maji aghalabu hubaki inaelea nusu na watu wakaishikilia, lakini ya faiba ikijaa inakwenda chini na mashine yake, isipokuwa kama mtengenezaji ameweka vyumba vilivyozibwa au kujaza povu ndani. Uliza vyumba hivyo viko wapi, na uone kama fundi aliyefunga viti hakuvitoboa.

"Tutaweka mashine kubwa." Boti nzito ya mkuku inapokwenda inachimba wimbi lake yenyewe na kukaa ndani yake. Urefu wake majini ukiwa mita 9, ukifika kama kilomita 13 kwa saa inaanza kuupanda mlima wa maji ilioutengeneza. Unaweza kuiongezea nguvu, itakunywa mafuta na kukuongezea mwendo kidogo mno. Boti bapa nyepesi hupanda na kuteleza juu ya maji kwa mashine ndogo, mpaka uipakie samaki, hapo nayo inarudi kuwa nzito. Ukitaka kujua gharama za boti, usipige hesabu ya safari ya kwenda. Piga ya kurudi.

Na kuna Uganda, ambako mambo haya yamechanganywa na sheria. Upande wao wa Ziwa Victoria boti ya uvuvi inatakiwa isipungue futi 28, kama mita 8.5, na kuanzia 2017 jeshi lilikamata na kuchoma zile fupi, zikiwemo zile ndogo za chini bapa zinazoitwa parachuti. Watu wengi huku kwetu wamelisikia hilo wakahitimisha kwamba boti bapa ni mbovu. Hoja kubwa pale ni samaki: boti ndogo huvua karibu na ufuo, kwenye mazalia. Usalama unatajwa, lakini si kipimo cha ubapa wala mkuku. Wengi wa waliochomewa walikuwa watu wasio na uwezo wa kununua ya futi 28, na naona uchungu wao ni wa haki hata pale ambapo hoja ya kulinda mazalia ni ya kweli.

Njia ya katikati ipo, na babu zetu waliipata zamani. Ngalawa ina tumbo jembamba la mtumbwi ambalo peke yake lingepinduka kwa kupiga chafya, lakini ndubi mbili zilizotupwa mbali kila upande zinaipa upana bila kuipa ubapa. Inapita maji machache, inakwenda na upepo vizuri, na ukiikuta imelala pwani inakaa. Haibebi mzigo, basi. Boti nyingi za faiba za leo nazo ni mchanganyiko: mbele zimechongoka ili zikate wimbi, nyuma zimelazwa ili zitulie na kukaa chini zikipwelewa. Kwa hiyo muuzaji akikutajia urefu na bei tu, zunguka nyuma uinamie, utazame sakafu inaanzia wapi kuwa bapa.

Kuchagua

Nikiulizwa na kikundi, siulizi wana shilingi ngapi. Nauliza boti italala wapi. Kama italala kwenye kijito kinachokauka, au kwenye ufuo kama wa Jambiani ambako bahari huondoka ikawa mstari kwa mbali, na kazi yenu ni pweza, kaa, nyavu za ndani ya mwamba, kuvusha watoto wa shule na magunia ya mkaa, boti kubwa ya mkuku itawatesa. Chukueni bapa, nanyi mkubali mipaka yake: siku Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mawimbi yanayozidi mita 2, boti hiyo haina kazi baharini, hata kama jirani ametoka.

Kama mna bandari yenye kilindi au mlango usiokauka, na mnakwenda jodari nje, au mnalala baharini na taa za dagaa, au mnavuka mkondo wa Pemba ambako chini kuna mamia ya mita za maji, basi bapa si uchumi, ni hatari iliyopunguzwa bei. Tafuteni mkuku. Lakini mjue mnachokichukua: boti iliyozidishwa mara mbili kwa urefu, upana na kina haiwi mara mbili, inakuwa mara nane kwa ujazo, na rangi, kamba, nanga, mashine na mikono ya kuivuta vinaifuata. Nimeona kikundi kikichukua boti kubwa wakabaki wakivua kule kule walikokuwa wakivua na mitumbwi, kwa sababu hawakuwa na fedha ya mafuta ya kuipeleka kule ilikotengenezwa iende. Ilikuwa boti nzuri sana. Ilikaa inatia rangi ya kijani ubavuni.

Mahali pengi jibu la kweli ni mbili: kubwa inayotia nanga nje kwenye maji, na ndogo bapa ya kuifuata na kushusha samaki. Majahazi ndivyo yalivyofanya, mengi yakivuta mtumbwi nyuma. Kama mkopo unatosha moja tu, vikundi viwili jirani vinaweza kukubaliana kila kimoja kichukue aina yake, japo najua ilivyo kazi kuwaweka watu hao kwenye mkeka mmoja.

Na mkienda kukagua, msiishie kupanda na kushuka. Wawekeni watu watatu kwenye ubavu mmoja muone mdomo unabaki sentimita ngapi kutoka majini. Ipakieni magunia ya mchanga yenye uzito wa mzigo wenu wa siku nzuri, si wa siku mbaya, kisha chukueni chaki mpige mstari pale maji yalipofika. Mwageni ndoo tano ndani, tembeeni, mwone yanakimbilia wapi.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi isiyo na gharama. Katika bamvua lijalo, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mmoja wenu atembee mpaka kwenye mlango wa kijito, pale ambapo boti itapita na chini pameinuka kuliko kwingine, akachomeke mti wa mkoko wenye alama kila nusu mita. Mwingine akae na saa na daftari, aandike maji yamefika alama gani kila baada ya nusu saa mpaka yajae. Rudieni siku saba baadaye, maji mafu. Kurasa hizo mbili mziweke juu ya fomu ya mkopo.